Ukoo wa Bibi Tekla: Hilda yuko wodini Ndanda

Bonifasi (Mtwara) 21:48
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nimetoka kuongea na dada Hilda. Hali ya kijana wake aliyegongwa na lori ni ile ile ya jana. Paja limevunjika, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Kichwani aliumia, anafumbua macho kidogo halafu anarudi kulala. Madaktari wanataka uvimbe ushuke kwanza. Tuzidi kumwombea.

Wifi Rehema (Masasi) 21:51
Inshallah Mungu atamwinua mwanetu. Hilda wifi yangu, umekula?

Hilda 22:03
Sijala wifi. Chakula hakipiti.

Hilda 22:06
Niseme ukweli maana humu ni kwetu. Nimechoka kuambiwa "usiwaze". Niko hapa namtazama mwanangu, vidole vyake bado vina grisi ya pikipiki. Nimevisugua kwa kitambaa na sabuni, kucha moja moja, haitoki. Namuuliza Mungu, huyu mtoto sadaka yake ilikuwa inatoka kwenye hela ya bodaboda kila Jumapili, ulikuwa wapi siku ile pale Mwena? Nina hasira. Nikishika rozari sivuki fumbo la kwanza, akili imeshaondoka.

Mjomba Ladislaus (Newala) 22:11
Hilda mwanangu, pole sana. Ila maneno hayo yaache. Mwenye imani hafadhaiki. Wana wa Israeli walinung'unika jangwani na unajua yaliyowakuta. Zuia machozi, mtoto akifumbua macho akukute una nguvu. Hasira mbele za Mungu ni kumfungulia shetani mlango.

Hilda 22:12
Sawa mjomba.

Mama Mkubwa Gaudensia (Nyangao) 22:25
Ladislaus mdogo wangu, niruhusu. Wewe ndiye mjomba, neno lako kwenye ukoo huu ni zito. Ndiyo maana siwezi kuliacha limlalie huyu binti usiku wa leo.

Waisraeli walinung'unika, ni kweli. Lakini tazama walikuwa wanasema na nani. Soma Kumbukumbu la Torati 1:27. Walijifungia hemani wakasemezana wao kwa wao kwamba BWANA amewachukia. Walimsema Mungu pembeni. Daudi yeye alimwendea mwenyewe: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 13 hiyo, tunaisali kanisani na hakuna anayesema Daudi hana imani. Mtu aliyekata tamaa na Mungu hamuulizi kitu, anamkalia kimya tu. Hilda bado anauliza.

Mjomba Ladislaus 22:29
Dada, nakusikia. Lakini Daudi alimwambia Mungu. Hilda ametuambia sisi, na watoto wote wamo humu wanasoma.

Mama Mkubwa Gaudensia 22:34
Na Bwana wetu pale Gethsemane alimwambia nani? Kabla hajaanguka kifudifudi kumwomba Baba, aliwageukia Petro na wale wana wawili wa Zebedayo: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Huyo ni Mwana wa Mungu, anataka watu wakae karibu naye. Wakalala. Mimi sitaki ukoo huu ulale. Watoto waache wasome, wajue kwamba mtu mzima naye hulia na bado ni Mkristo.

Bonifasi 22:36
Amina mama mkubwa.

Otmar (Masasi) 22:38
Shkamooni wakubwa wote. Mimi naomba kuuliza. Mnazungumzia machozi, mimi sina machozi, mimi nina moto. Yule dereva wa lori nimeshajua anapakia wapi korosho. Kesho alfajiri nina vijana wanne wa kijiweni. Nikisali ndiyo kwanza namwona uso wake.

Mama Mkubwa Gaudensia 22:40
Otmar, usitoke hapo nyumbani. Bonifasi mpigie simu sasa hivi.

Mjomba Ladislaus 22:41
Otmar! Nisikilize mimi mjomba wako. Hao vijana waambie safari haipo.

Mama Mkubwa Gaudensia 22:52
Nikujibu vizuri mwanangu, maana umefanya jambo jema kulisema kabla ya kulitenda.

Paulo kwa Waefeso 4:26 anasema "Mwe na hasira, ila msitende dhambi." Hakusema ukiona hasira jifanye huioni. Ndugu yako amegongwa, ungekuwa huna hasira ningekushangaa. Kazi yako ni kuamua hiyo hasira inaenda wapi. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imechukuliwa, shauri liko polisi. Basi kesho hiyo alfajiri uliyoipanga nenda kituoni ukaulize limefikia wapi, nenda ukawatafute walioshuhudia, uandike majina yao. Huko ndiko nguvu zako zinakotakiwa. Ukienda na vijana wanne kwenye lori, Hilda atakuwa na mmoja wodini na mwingine mahabusu, au kaburini.

Na usiku huu, moto ukipanda, toka nje, tembea uani, nawa uso maji ya baridi, vuta pumzi taratibu na uitoe taratibu zaidi kuliko ulivyoivuta. Hayo yanautuliza mwili, nimewafundisha wagonjwa na ndugu zao miaka yote ya uuguzi wangu. Kisha mtaje yule dereva mbele za Mungu kwa maneno hayo hayo uliyonayo, hata kama ni mabaya. Zaburi zina maneno makali kuliko yako. Kisasi Mungu amesema ni chake, maana yake unamkabidhi, hubaki nacho mfukoni.

Otmar 22:57
Nimekuelewa mama mkubwa. Kaka Boni yuko kwenye laini.

Mjomba Ladislaus 23:01
Mimi bado nina swali, dada, na si ubishi. Mwaka 2019 wakati wa kile kimbunga Kenneth tulikesha tukiomba. Mtwara nzima watu wanahama na mabegi. Kikatupita. Sasa sisi wazee tusiposema kwamba maombi na imani vinalinda, tutasema nini?

Mama Mkubwa Gaudensia 23:13
Swali lako ni zuri na limenikosesha usingizi siku nyingi.

Kilitupita tarehe 25 Aprili, kikaingilia Cabo Delgado. Hapo ng'ambo ya Ruvuma tu. Kule kuna Wamakonde wenzetu, mna ndugu wengine kule kwa damu kabisa, wanasali rozari hii hii tunayosali sisi. Nyumba zao zilianguka, watu walikufa. Nikisema sisi tulipona kwa sababu ya imani yetu, wale nitawaambia walikosa nini? Siwezi. Namshukuru Mungu tulipona, na nitaendelea kumwomba amponye huyu mtoto, nitamsumbua usiku na mchana. Lakini sitamwambia Hilda kwamba mwanawe aligongwa kwa sababu imani ilipungua mahali fulani. Imani si bima ya ajali. Zaburi ya 55 inatuambia tumtwike BWANA mzigo, haisemi mizigo haitakuja.

Habakuki aliyajua haya. Anahesabu mtini usiochanua, shamba lisilotoa chakula, zizi lisilo na kundi, hafichi hata kimoja. Ndipo anasema "walakini nitamfurahia BWANA." Ile "walakini" inatoka kwa mtu aliyekwisha kusema hasara yake yote. Sisi tunataka kuirukia kabla hatujaitaja hasara.

Mjomba Ladislaus 23:18
Hapo kwenye Cabo Delgado sina jibu. Nitaendelea kufikiri. Lakini nitafunga kesho kwa ajili ya mtoto.

Mama Mkubwa Gaudensia 23:19
Funga mdogo wangu, nami nitafunga nawe. Hilda asifunge.

Neema, mjukuu (Ndanda) 23:22
Bibi Tekla hajalala, nimemsomea yote. Anasema niandike hivi: "Hilda, nilipomzika mdogo wake mama yako nilikuwa nakaa benchi la nyuma kabisa, nalia misa nzima, siku nyingine sijibu hata Amina. Wenzangu wa jumuiya walikuwa wananijibia. Wewe kaa tu hapo, sisi tutakujibia." Pia anasema kesho nimletee ming'oko, vile viazi vya porini, amechemsha.

Hilda 23:26
Bibi 😭😭 Asante.

Hilda 23:27
Mama mkubwa mimi siwezi kusali. Kweli siwezi. Nifanye nini?

Mama Mkubwa Gaudensia 23:39
Mwanangu, Eliya alipofika mwisho wa nguvu zake alilala chini ya mti akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa akamwambia inuka, ule. Kulikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale mara ya pili. Mungu alisema naye baadaye sana, huko mlimani. Kwa hiyo sala yako ya usiku huu ni kikombe cha uji. Mwombe muuguzi wa zamu akuambie ni wapi ndugu wa wagonjwa wanapata maji ya moto, Neema anakuja na unga wa ulezi asubuhi.

Rozari shika mkononi tu, usijilazimishe kuimaliza. Ukitaka maneno, chukua mstari mmoja wa Zaburi 56: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Nusu ukivuta pumzi, nusu ukitoa. Umeona, mwenyewe Daudi anakiri hofu ipo siku hiyo hiyo anayotumaini. Nafsi ikiendelea kusumbua, iulize kama anavyoiuliza mwenye Zaburi ya 42, "kwa nini kuinama?" Alilazimika kuiuliza mara tatu, hadi Zaburi ya 43, kwa hiyo usikate tamaa ikigoma mara ya kwanza.

Simu zima. Habari za ajali zinazotumwa kwenye makundi mengine usizifungue. Na nakuomba kama muuguzi, si kama mama mkubwa tu: siku zikienda ukaona wiki 2 zinapita huli, hulali, au unawaza ni heri ufe, mwambie daktari hapo hapo. Sonona ni ugonjwa unaotibika, haina uhusiano na kupungukiwa utakatifu. Kesho pia mwombe padre aje ampake mtoto mafuta ya wagonjwa, na wewe uongee naye faragha. Mwambie hata hiyo hasira.

Hilda 23:44
Nitamwambia. Daktari anapita saa 3 asubuhi, nitaandika humu.

Bonifasi 23:46
Napanda basi la kwanza. Nafika nakaa wodini, dada anakwenda kulala kwa bibi mpaka jioni. Otmar ameahidi kwenda polisi, na mjomba anashuka kutoka Newala kuongozana naye.

Wifi Rehema 23:48
Zamu ya usiku nipeni mimi, Ijumaa na Jumamosi. Hilda, nikuletee nini kutoka nyumbani?

Hilda 23:51
Beseni, blanketi la kijani na kanga mbili. Kadi ya bima iko kabati la jikoni, droo ya chini, ndani ya daftari la AMCOS, chama cha ushirika.