Msimbo upi kwa vipimo vya saikolojia ya neva kama teknishani ndiye aliyepima?

Mleta uzi: Wakuu, habari za majukumu. Nauliza mnaoandaa madai ya bima huku Marekani. Mgonjwa analalamika kusahau. Mwanasaikolojia wa neva kamhoji na kumchunguza saa 1. Teknishani kampima na kusahihisha, saa 3 na dakika 10. Kisha mwanasaikolojia katumia saa 4 na dakika 40 kufasiri, kuandika ripoti na kumweleza mgonjwa majibu. Fomu ya ofisi ina misimbo ya CPT (namba za huduma zinazojazwa kwenye dai la bima) 96118 na 96119. Nijaze hizo?

Mchangiaji 1: Achana nazo mkuu, zilifutwa tangu Januari 2019. Siku hizi kupima kuna msimbo wake na kufasiri kuna wake. Kwako inakuwa hivi:

96116 × 1 (mahojiano)
96138 × 1, 96139 × 5 (teknishani: nusu saa ya kwanza, kisha kila nusu saa ya ziada)
96132 × 1, 96133 × 4 (kufasiri, ripoti, majibu: saa ya kwanza, kisha kila saa ya ziada)

Angekuwa mwanasaikolojia mwenyewe ndiye anayepima, ungetumia 96136 na 96137.

Mleta uzi: Mbona 96139 ni 5? Zile dakika 10 zimekwenda wapi?

Mchangiaji 1: Hazilipwi. Uniti ya nusu saa huhesabiwa ikifika dakika 16, ya saa nzima ikifika 31. Ndiyo maana zile 40 za mwisho kwenye kufasiri zimekupa 96133 ya nne.

Mchangiaji 2: Naongezea panapoumiza wengi. 96116 tayari ina muda wa kuandika matokeo ya uchunguzi ule. Ukiurudisha ndani ya 96133 umedai dakika zilezile mara mbili, na mkaguzi ataziona. Rekodi ioneshe nani alifanya nini, tarehe gani, dakika ngapi. "Vipimo, saa 8" haitoshi.

Halafu msichanganye 96132 na 96130. Swali likiwa ni kumbukumbu, umakini au lugha baada ya kiharusi, ni 96132. Likiwa ni hisia au haiba, ni 96130. Kipimo kimoja cha kompyuta kinachojitolea majibu chenyewe ni 96146, basi.

Mleta uzi: Na vipimo vikichukua siku mbili?

Mchangiaji 2: 96138 ni mara moja kwa tathmini nzima. Siku ya pili endelea na 96139, ila peleka siku zote kwenye dai moja, kwani mifumo ya baadhi ya bima huikataa 96139 ikiiona peke yake.