Ukoo wa Shosho (Safari ya Tot, Marakwet)

Anti Mercy: [video, imetumwa mara nyingi]

Anti Mercy: Jamani oneni wingu limepasuka Marakwet leo asubuhi!!! Nyumba zinabebwa kama maboksi. Brayo ambia wakwe tusongeshe hiyo koito (sherehe ya posa ya Chebet wako) mpaka mvua iishe 🙏🙏

Kevo: Anti hiyo si Marakwet. Marakwet kuna hoteli za gorofa nne zimepangana kando ya mto? Hiyo ni Dharali huko Uttarakhand, India, Agosti 2025. Na hata hiyo walianza kusema ni wingu limepasuka halafu wataalamu wakabishana juu vipimo vya mvua vya hapo karibu vilikuwa vidogo

Anti Mercy: Maji ni maji Kevo

Shiro: Shosho ako hapa na mimi anauliza, wingu linapasuka aje, kwani ni puto?

Kevo: 😂 Mwambie hakuna kitu inapasuka ni jina tu. Upepo uko na unyevu unakuja unagonga mlima, hauna pa kupitia so unapanda, na vile unapanda unapoa, ule mvuke unageuka matone. Sasa ule upepo wa kupanda ukiwa na nguvu sana unazuia matone yasianguke, yanakaa huko juu yakinenepa tu. Ni kama makanga amebebeshwa gunia la viazi kwa ngazi, siku mikono ikichoka haangushi kiazi kimoja kimoja, anaachilia gunia yote. Watu wa hali ya hewa wa India wao wanaita hivyo mvua ikifika milimita 100 kwa saa moja, mahali padogo tu kama kilomita mraba 20 au 30

Anti Mercy: Milimita 100 si ni urefu wa kidole tu na kidogo

Kevo: Anti milimita moja kwa mita mraba moja ni lita moja. So hiyo ni mitungi mitano ya lita 20 imemwagwa mahali pa ukubwa wa meza yako ya sebuleni, halafu meza ya pili, ya tatu, mlima mzima. Kwa kilomita mraba 20 ni lita bilioni 2. Na mlima haukai na maji, yote yanateremka korongo moja

Shiro: Mitungi mitano na sisi Kayole tumekaa siku nne tukinunua mmoja thati bob. Mungu angegawa vizuri

Wanjiku: Lakini Tot si ni joto na ukame? Mi nilikuwa nabeba sandals tu

Kevo: Ukame haukuokoi. Leh kule Ladakh, India, ni jangwa la juu mlimani, mwaka mzima wanapata kama milimita 100 peke yake. Agosti 2010 ikanyesha usiku, zaidi ya watu 200 wakafa. Nyumba za udongo, nani angejipanga na mvua

Anko Njoro: Nimesoma zenu zote sasa nisikizeni. Mimi hiyo barabara nimeipiga na lori nikitoa maembe Kerio, nyinyi wengine mkiwa nasari. Siku moja tumefika mto mkavu, mchanga mweupe kabisa, jua linachoma, tanboi anataka tuegeshe hapo hapo ndani chini ya mti tupike chai. Mzee fulani na mbuzi zake akatupigia kelele tutoke, hakusema mambo mingi, alielekeza fimbo tu kule juu milima ya Cherang'any, na huko kulikuwa kweusi kama sufuria ya kuni. Nikanung'unika lakini nikatoa gari. Hata maji ya chai hayajachemka tukasikia kitu kama treni, halafu ikakuja, lakini sio maji vile mnafikiria, ni uji wa matope na mawe na miti mizima imesimama wima. Sisi hatukunyeshewa hata tone. Kule juu ni zaidi ya mita 3,000, bondeni kama 1,000, mvua ya huko inakuwinda ukiwa na miwani ya jua

Wanjiku: 😳

Anko Njoro: Na Mercy, usicheke lakini pia usichanganye. Mai Mahiu 2024 haikuwa hii, pale maji yalijikusanya nyuma ya reli karavati ikaziba ikaachilia saa za usiku. Lakini Chesongoch, hapo hapo Marakwet, Novemba 2025 mlima wenyewe ulishuka na mvua watu wakiwa wamelala, wakafa zaidi ya 20. Nyarkulian kule West Pokot 2019 pia usiku. Kwa hivyo mimi shida yangu sio kwenda. Ni tunalala wapi

Brayo: Anko sasa umenitia baridi. Mathe wa Chebet alisema hema iko kwa uwanja karibu na mto juu ni tambarare

Anti Mercy: NILISEMA

Shiro: Shosho anasema hatulali chini ya mlima mbele ya mto, afadhali alale kwa gari

Anko Njoro: Brayo piga simu. Kwa heshima. Usiwafunze mlima wao

Brayo: Nimepiga. Amecheka mpaka akakabidhi mzee simu. Hema walishahamisha juu kwa mgongo wa kilima tangu juzi, uwanja ni wa mchana tu na kuna vijana wa kuangalia juu. Amesema shida yake ni sisi, watu wa Nairobi wakifika huwa wanaegesha matatu kwa mchanga wa mto juu ni laini na kuna kivuli

Kevo: 😂😂😂 Anko

Anko Njoro: Ilikuwa tanboi

Wanjiku: So nibebe gamubuti ama sandals

Shiro: Shosho anauliza nani hajatuma pesa ya gari. Anasema anajua ni wewe Kevo