Nimeuziwa pikapu iliyohamishiwa usukani kwa mnyororo, na muuzaji ananijibu kwamba "imekidhi viwango"

Ndugu wanajamvi, nawasalimu kutoka Uyole, Mbeya. Nimekaa na hasira hii kwa wiki tatu nikijizuia kuandika, kwa sababu nilitaka kwanza nihakikishe kila ninachokisema kwa macho yangu na kwa macho ya mafundi wawili wasiofahamiana. Sasa nimehakikisha. Yadi iliyoniuzia gari sitaitaja. Nimeshaiandikia barua ya madai na sitaki mtu apate kisingizio cha kusema nimemchafulia jina kabla hajajibu. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kununua gari "lililogeuzwa" atalitambua gari lake humu.

Kazi yangu ni kununua viazi mviringo Isyonje na Matamba, kisha kuviteremsha Mwanjelwa na kwa wateja wachache wa Tunduma. Mwezi wa nne nilinunua pikapu ya dizeli iliyotoka Dubai, shilingi milioni 41 ikiwa tayari na namba. Wenzetu wa Falme za Kiarabu huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari yao huwa na usukani kushoto, ilhali sisi, pamoja na majirani zetu wa Zambia na Malawi, tunaendesha kushoto. Wajapani nao huendesha kushoto, na ndiyo maana gari la Japani likishuka bandarini halihitaji kugeuzwa kitu, labda ile redio ya zamani inayoishia kwenye 90 na kukunyima stesheni zote za juu yake. Gari la Dubai ni jambo jingine kabisa. Muuzaji hakunificha kwamba usukani ulihamishwa. Alijisifia, akaniambia kazi hiyo ilifanywa na mafundi mabingwa na kwamba gari limerekebishwa "kwa viwango vya Tanzania".

Usiku wa kwanza nikishuka kutoka Isyonje, ukungu ukiwa umetanda kama kawaida ya kule, kila gari lililokuja mbele yangu lilinipiga taa kali, nami nilikuwa nimeshusha zangu. Nilidhani ni ubabe wa madereva wa malori. Siku ya nne dereva mmoja wa lori alisimama kabisa pale Uyole, akashuka na kuniuliza kama nina nia ya kuua watu. Nilimjibu vibaya, na leo namwomba radhi popote alipo.

Fundi wangu aliliegesha gari jioni likitazama ukuta wa gereji, akawasha taa za chini, kisha akaniita nisimame pembeni nitazame. Mwanga ulikuwa umenyooka upande wa kushoto, halafu ukapanda kama kilima upande wa kulia. Taa za gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia hukatwa hivyo makusudi: upande wa pembezoni mwa barabara, ambao kwao ni kulia, mwanga hupanda ili dereva aone watembea kwa miguu na vibao, na upande wa katikati hubaki chini ili asimpofushe anayekuja. Ukilileta gari hilo kwetu bila kubadilisha taa, kile kilima cha mwanga kinamwangukia usoni dereva unayepishana naye, na ukingo wa kushoto, wanakopita mama wenye mizigo kichwani, baiskeli na bodaboda zisizo na taa ya nyuma, unabaki giza. Kasoro hii haiondoki kwa bisibisi. Skrubu ya kurekebishia taa hizi inaushusha au kuupandisha mwanga wote kwa pamoja. Fundi aliushusha hadi haukumsumbua anayekuja, na matokeo yake nikawa naona mita chache tu mbele ya bampa. Dawa ni kununua taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha kushoto.

Wala hili si jambo jipya linalohitaji utafiti. Uswidi ilipohama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia, tarehe 3 Septemba 1967, taa za mbele za magari zililazimika kubadilishwa, na huko usukani wenyewe haukuhamishwa kwa kuwa magari yao mengi tayari yalikuwa na usukani kushoto. Yaani taifa zima lilibadilisha taa na kuuacha usukani. Yadi yangu imehamisha usukani na kuziacha taa.

Nije kwenye usukani wenyewe, maana hapo ndipo niliposhindwa kulala. Tangu mwanzo ulikuwa na plei: unauzungusha kidogo na matairi hayajibu, kisha yanajibu kwa ghafla. Fundi alibadilisha tairodi endi, yaani viungo vinavyounganisha usukani na matairi, hali ikabaki ileile. Tukakubaliana afungue dashibodi. Ndani tulikuta sanduku la usukani limebaki kushoto kama lilivyotoka kiwandani, na kati yake na usukani ninaoushika mimi upande wa kulia kuna magurudumu mawili ya chuma yenye meno, yaliyounganishwa kwa mnyororo. Mnyororo, ndugu zangu, wa namna ile ile unayoiona kwenye pikipiki, umepita nyuma ya redio kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Ulikuwa umelegea kiasi cha kuingiza kidole, na bamba linaloshikilia meno ya kulia limechomelewa kwenye bati jembamba ambalo tayari lilikuwa limeanza kupasuka pembezoni mwa uchomeleaji. Kwa usukani huo nimeteremka kutoka Matamba kuja Chimala, kwenye zile kona 57, nikiwa na magunia ya viazi nyuma na mke wangu pembeni.

Breki nazo zina hadithi yake. Kanyagio lipo kulia, busta, yaani kifaa kinachoongeza nguvu ya breki, ipo kushoto, na kati yake kuna rodi iliyovushwa chini ya dashibodi. Unapokanyaga kwa nguvu, rodi inapinda kwanza ndipo inasukuma, kwa hiyo breki ni laini hata baada ya kutoa hewa na kujaza mafuta upya. Waipa zinafuta vizuri kabisa upande asikokaa dereva na kuacha kipande cha kioo kisichofutwa mbele ya jicho langu la kulia, jambo ambalo mtu wa Dodoma anaweza kulivumilia lakini si anayekwenda Tukuyu kwenye mvua kila wiki.

Kilichonifanya niandike uzi huu ni kitu kidogo kuliko vyote hivyo. Katikati ya usukani kuna kifuniko chenye maandishi ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga dereva gari likigonga. Nyuma yake hakuna kitu, ni tundu tupu. Sasa, gari lenye eabegi iliyoondolewa huacha taa ya onyo ikiwaka daima kwenye dashibodi, na yangu haikuwahi kuwaka hovyo: nikiwasha gari inawaka, baada ya muda mfupi inazimika, kama inavyotakiwa. Fundi wa umeme alifuata waya na kukuta taa hiyo imeungwa kwenye waya wa taa ya presha ya oili ya injini, ili zote mbili ziwake na kuzimika kwa pamoja. Mnyororo naweza kuuita ujinga, na taa za mbele naweza kuziita ubahili, lakini aliyeunga waya huu alikaa, akafikiri, akajua kwamba kuna mtu atakayeitazama ile taa, na akaamua kumdanganya. Marekebisho haya yote yalifanywa kwa ajili ya jicho la mkaguzi na la mnunuzi siku ya kwanza, si kwa ajili ya barabara.

Nilipompigia muuzaji, jibu lake lilikuwa fupi: "Gari lina namba, lina kadi, limekidhi viwango." Kadi ya gari inanieleza namba ya chasisi, rangi, ukubwa wa injini na jina la mmiliki. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 vililipwa, nami nimevilipia ndani ya bei. Lakini kodi ya gari haikazi mnyororo. Hakuna ukaguzi wa kawaida unaofungua dashibodi, na muuzaji analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Najua kuna watakaosema ningekwenda na fundi. Nilikwenda naye. Alisikiliza injini, akanusa oili, akaingia chini ya uvungu, akatazama springi na chasisi, akaridhika. Ni yadi gani itakayokuruhusu ung'oe dashibodi kabla hujalipa?

Na wapo watakaosema kugeuza gari ni kawaida na hakuna ubaya. Nakubaliana nao nusu. Pikapu za aina hii hutengenezwa pia na kiwanda zikiwa na usukani kulia kwa ajili ya Australia na Afrika Kusini, kwa hiyo sanduku la usukani la upande wa kulia lipo, dashibodi kamili ipo, busta na mabomba yake yapo, na taa zipo. Fundi anayetumia vipuri hivyo anafanya kazi halali, na gari linakuwa kama limezaliwa hivyo. Fundi wangu amenipigia hesabu ya kuirudia kazi yote kwa namna hiyo: shilingi milioni tisa na nusu. Hiyo ndiyo tofauti iliyobaki mfukoni mwa mtu.

Wamarekani, ambao huingiza magari ya kigeni yasiyotengenezwa kwa viwango vyao, walitunga sheria mwaka 1988 inayomtaka mwagizaji aliyesajiliwa ndiye alirekebishe gari, aweke dhamana ya asilimia 150 ya thamani yake, na ndani ya siku 120 athibitishe kwa maandishi, pamoja na ushahidi, kwamba kila kilichotakiwa kubadilishwa kimebadilishwa. Nao wana tundu lao, kwa kuwa gari lililotimiza miaka 25 husamehewa viwango hivyo. Lakini kwa mengine yote kuna jina la mtu kwenye karatasi, na fedha zake zimeshikwa. Kwetu, nimemwomba muuzaji jina la fundi aliyegeuza gari langu, akanijibu kwamba lilikuja hivyo kwenye kontena.

Ninachodai kwake ni fedha zangu zote, au gharama kamili ya kuirudia kazi kwa vipuri vya kiwanda na gari lingine la kufanyia kazi wakati nasubiri. Ninachokidai kwa wenye mamlaka ni kidogo zaidi: kadi ya gari ioneshe kwamba gari limehamishiwa usukani, lini na nani, na gari la namna hiyo lisipewe namba kabla dashibodi haijafunguliwa mbele ya mkaguzi. Wanaonunua wiki hii wasisubiri hayo. Washeni taa za chini mbele ya ukuta mtazame kilima cha mwanga kiko upande gani, zungusheni usukani taratibu gari likiwa limesimama msikilize nyuma ya redio, na mtazame kama taa ya eabegi na taa ya oili zinazimika kwa sekunde ileile.

Barua yangu imempa siku 14, zinakwisha Ijumaa, na baada ya hapo nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani nikiwa na picha na maelezo ya mafundi wote wawili. Gari lipo gereji, dashibodi wazi, na yeyote wa Mbeya anayetaka kuuona mnyororo anakaribishwa. Juzi jioni muuzaji alinipigia simu kwa sauti ya upole sana, akaniita mteja wake wa thamani, akasema ametafakari na ameona anisaidie: nimpelekee gari, ataukaza mnyororo bure.