Kitambulisho kwanza au ukaazi kwanza? Nani ahisabiwe kwenye nyumba na misaada ya Serikali Zanzibar

Mwanzisha mada, Wete

Assalamu alaykum wenzangu. Shehia yetu (mtaa wetu, chini ya sheha) ina bibi mmoja, Mmakonde, asili yake Msumbiji. Kaja Pemba kabebwa mgongoni. Umri wake khasa hakuna aujuaye. Mwenyewe anahisabu kwa msiba wa Mzee Karume, 1972: siku ile alikuwa na mtoto ameshaanza kutembea. Msimu uliopita nilimkuta juu ya jamvi anachambua karafuu, vidole vyeusi, karafuu huku, makonyo (vijiti vyake) kule, wala hatazami anachokifanya.

Pencheni jamii hapati. Ni ile ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, iliyoanza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hana Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na hicho hakipati kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa. Alichonacho ni mfuko wa plastiki wenye kadi za kliniki za watoto wake wanne, zimechakaa hadi wino umekuwa rangi ya chai.

Kabla hamjanirukia, kumbukeni ndugu zetu wa Kilifi. Wapemba waliofuata samaki pwani ya Kenya wamezaa na kuzikana kule miaka na miaka bila kitambulisho. Leseni ya uvuvi shida, akaunti ya benki shida, laini ya simu kwa jina la jirani. Hadi 2023 ndipo Serikali ya Kenya ilipowatambua. Sisi huku tulishangiria. Na Januari 2001, watu wetu zaidi ya elfu mbili walipokimbia machafuko ya siasa hadi Shimoni, Kenya, walipewa chakula bila kuulizwa babu zao wamezikwa wapi.

Rai yangu: msaada wa tumbo, maradhi na uzee ufuate ukaazi. Nyumba tuijadili mbali.

Mchangiaji, Kikwajuni

Kaka wa Wete, huruma haiongezi vyumba. Mie nimezaliwa kwenye fleti hizi hizi za Kikwajuni, tulilala sita chumba kimoja. Leo ndugu zangu wanne wamepanga, wote wana vitambulisho, na hakuna aliyewahi kuuona ufunguo wa nyumba ya Serikali. Majumba ya Michenzani, yale maghorofa ya Serikali, yalipopanda, waliotangulizwa ni waliobomolewa vibanda vyao Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe. Ilikuwa fidia ile, si sadaka. Sensa ya 2012 ilituhisabu watu 1,303,569, ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Visiwa ni vile vile. Nyie wa shamba mnadhani mjini kuna nafasi.

Na Mzanzibari ni nani, sheria ipo tangu 1985. Hatukuitunga jana kumkomoa mtu.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Mimi ni mtu wa Bara, mtanisamehe Kiswahili changu kisicho na "khasa". Nina miaka kumi na nne hapa, nauza nguo za mtumba. Ni raia wa nchi hii hii, na Ibara ya 17 ya Katiba ya Muungano inaniruhusu kuishi nitakapo. Najua ardhi na nyumba si mambo ya Muungano, na fleti siombi. Lakini mvua za masika zilipofurika kwetu, magodoro yangu yalielea pamoja na ya jirani. Walipokuja kuandika majina, mwandishi aliuliza "mwenyeji au mgeni?" Jirani aliandikwa. Mimi niliambiwa nisubiri, na ndiyo nasubiri hadi leo. Mkinikuta sokoni mnaniita kaka, kwenye daftari nageuka mgeni.

Mchangiaji, Chake Chake

Nyote mnagombania mlango na hamumuoni mwenye ufunguo. Kitambulisho huanza kwa barua ya sheha, na sheha huteuliwa, hachaguliwi. Pemba hii wapo watu, baba yake na babu yake wamezikwa nyuma ya nyumba, wamezungushwa "njoo kesho, njoo kesho" kwa kuwa kitambulisho hicho hicho ndicho cha kuandikishia kura. Mie mwenyewe nilikwenda mara tano. Mara ya tano niliambiwa sijulikani, na anayeniambia tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani, tukipigwa bakora moja! Kwa hivyo mwenye kusema "kitambulisho kwanza" anasema "sheha kwanza", apende asipende.

Mchangiaji, Mbweni

Mie langu dogo. Mgeni anayenunua fleti ya dola 100,000 kwenye miradi mipya anafunguliwa njia ya kibali cha ukaazi, na mke na watoto wake. Bibi wa karafuu miaka yote hiyo hana hata risiti.

Kikwajuni tena

Dada wa Mbweni, usichanganye. Yule ananunua kwa pesa zake, hapewi. Ila hilo la Chake silibishi. Mama yangu mwenyewe aliandikwa kuwa amezaliwa baada ya mdogo wake, na kulirekebisha ilituchukua Ramadhani mbili. Bibi wa Wete mpeni pencheni yake, sina neno. Fleti, hapana.

Mwanzisha mada, Wete

Bwana wa Kikwajuni, basi hatuko mbali. Fleti ni chache, iwe na foleni na miaka ya ukaazi, hata kumi, na aliyezaliwa hapa atangulie. Ninachokataa ni ukaazi kuthibitishwa na kalamu moja. Kadi ya kliniki ihisabiwe, daftari la skuli lihisabiwe, majirani watatu waape mbele ya watu. Na kwenye mafuriko mtu asiulizwe kitu zaidi ya nyumba yake iko wapi. Kaka wa Mwanakwerekwe, lile suali la mwandishi limenitia aibu.

Bibi tunampeleka tena Jumatatu. Nimepata wazee wawili waliochuma naye shamba moja walipokuwa wasichana. Mmoja haoni tena, lakini anasema akimsikia akikohoa tu atamjua.