Wauza magari ya Japani, hiyo navigesheni mnayotuuzia ni ya kwenda wapi?

Wakuu, leo nina hasira na sitaki mtu anitulize.

Yeyote aliyenunua gari ya Japani kwenye yadi hapa Dar anajua wimbo wa dalali. "Bosi, hii imekuja na vyake vyote. Navigesheni ipo, kamera ya nyuma ipo, TV ipo." Ukiuliza mbona ile nyingine ya mwaka huohuo bei iko chini, unaoneshwa skrini: ile haina hii. Kwa hiyo skrini nimeilipia, haikuja kama nyongeza. Aina ya gari sitaji, maana mtaacha hoja mgeuze uzi wa ushabiki.

Haya, navigesheni yenyewe. Ukiwasha gari, dada wa Kijapani anaongea kwanza. Nilikuja kuambiwa anadai kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za tozo huko kwao. Kila asubuhi ananidai kadi, gari ikiwa imepaki Tabata. Ukifungua ramani, mshale wa gari umesimama katikati ya rangi tupu. Ramani ipo, tena nzuri kwelikweli, ila ni ya Hokkaido mpaka Okinawa. Redio inaanzia 76 na kuishia 90 wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108, kwa hiyo stesheni nyingi za mjini sizipati bila kufunga kifaa kingine cha kushusha masafa. TV ni ya mfumo wa matangazo wa Japani, hapa haishiki chochote. Sasa "vyake vyote" ni vipi?

Lakini hilo ningelimeza. Kilichonifanya nifungue uzi ni betri.

Betri ilichoka, nikabadilisha, kitu cha kawaida kwa mwenye gari. Kuwasha, skrini imejifunga. Maandishi ya Kijapani na kisanduku cha kuingiza namba, basi. Muziki hakuna, blutuu hakuna, hata kamera ya nyuma imekwenda nayo. Kumbe ni kinga ya wizi: umeme ukikatika, redio (skrini, ramani na muziki vyote ni kifaa hicho kimoja) inadhani imeng'olewa kwenye gari, inaomba namba ya siri. Namba hiyo aliiweka mwenye gari wa kwanza, na mzee wa watu yuko zake Nagoya anakunywa chai. Fundi akataka elfu themanini. Alichofanya ni kupiga picha namba ndefu iliyokuwa kwenye skrini, kumtumia mtu WhatsApp, kusubiri, kisha kuingiza namba aliyorudishiwa. Elfu themanini hiyo! Halafu anaondoka ananiambia nisicheze tena na waya wa betri. Gari yangu, betri yangu, naambiwa nisiiguse.

Wapo wenye balaa kuliko langu. Kadi ya SD ya ramani imechomolewa, na kati ya melini na yadi hakuna wa kumuuliza. Mtu anajiambia potelea mbali, ramani ya Japani ya nini? Shida ni kwamba kwenye redio nyingi za aina hii kadi ile imebeba na mfumo wa redio yenyewe. Ikitoka, skrini inaomba irudishwe na haifanyi kingine.

Na tarehe? Yangu inasoma karibu miaka 20 nyuma. Hili nimelifuatilia. Setilaiti za GPS zilitengenezwa zitume namba ya wiki inayohesabu mpaka 1023 tu, kisha inarudi sifuri. Wiki 1024 ni miaka 19 na miezi kadhaa. Mara ya mwisho ilirudi sifuri Aprili 2019, na vifaa ambavyo programu yake haikuandaliwa vinajiona viko zama zilizopita. Siyo magari ya mtumba tu. Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda na Acura huko Marekani zilirudi mwaka 2002, na wenye magari wakaambiwa wasubiri mpaka Agosti zitajirekebisha. Simu inapata masasisho kila mara. Redio ya gari inasasishwa na nani, na kwa diski ipi?

Sasa kabla hajaja mtu kusema nawachukia Wajapani, ngoja niwape haki yao. Kwao kitu hiki ni dhahabu. Mitaa mingi ya Japani haina majina, anwani zao zinakwenda kwa vitalu, na namba za nyumba hazifuatani kama ulivyozoea. Hata mwenyeji wa Tokyo anapotea. Ndiyo maana walianza mapema kuliko wote: Honda walitoa kifaa cha kuonesha njia mwaka 1981, kabla ya GPS ya raia, kikitumia gairo, yaani kihisi kinachojua gari inapogeuka, na karatasi za plastiki zilizochorwa ramani. Navigesheni zao zinakuruhusu uandike namba ya simu ya duka ikupeleke mlangoni. Tangu 1996 wana mfumo unaoitwa VICS, unaorusha taarifa za foleni bure kupitia mawimbi ya FM na vifaa vya kando ya barabara, bila bando wala laini ya simu. Na kwa kuwa redio inasoma spidi moja kwa moja kutoka kwenye gari na ina gairo ndani, inaendelea kujua ulipo hata chini ya ardhi. Tokyo kuna handaki la Yamate, kilomita 18. Humo simu inayotegemea setilaiti peke yake inabaki kubahatisha.

Kwa hiyo mashine haina kosa. Imetolewa nchi iliyojengewa kila kitu cha kuitegemea, ikaletwa Tabata, ikabandikwa bei kama vile vitu hivyo vimekuja nayo melini.

Tena hata wangekuwekea ramani ya Tanzania ya mwaka gari ilipotengenezwa, ingekusaidia nini? Ingekupitisha Ubungo kwenye mataa ya zamani wakati barabara za juu za Kijazi zimefunguliwa 2021. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa 2022, lisingekuwemo. Mwaka huohuo wa 2022 nchi nzima ilikuwa kwenye operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikabandikwa majina na nyumba zikapewa namba. Ramani iliyokwama kwenye diski ya 2010 inayajulia wapi hayo?

Simu nayo siyo malaika, tuseme ukweli. Imeshanipitisha Goba kwenye kichochoro cha bodaboda mpaka mama mmoja akatoka nje kunishangaa. Kwenye jua la saa nane juu ya dashibodi inachemka na kujizima. Ukipigiwa simu, ramani inakimbia. Ile rangi nyekundu ya foleni inatokana na simu za watu walio mbele yako, zikisimama mfumo unajua pamesimama. Sasa Jangwani ikijaa maji na barabara ikafungwa kabisa, hakuna simu inayopita, na mpaka watu waripoti unaweza kuoneshwa njia safi ukaenda kukutana na askari na utepe.

Lakini simu ikikosea, kuna pa kupeleka kosa. Unaripoti, wenzako wanaripoti, njia inarekebishwa. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata za mabondeni kama Tandale, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba, wakaingiza OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinasoma data hiyohiyo hata bila bando. Na wale mnaosema "GPS inakula bando", hapana. Setilaiti hazilipwi. Bando linaliwa na picha ya ramani na taarifa za foleni. Pakua eneo ukiwa kwenye waifai ya ofisini, safiri mpaka Songea.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi, "weka redio ya Android, kelele za nini?" Mkuu, hiyo ni hela nyingine juu ya ile niliyokwishalipa kwa skrini iliyopo. Halafu siyo kila gari inakubali. Chukua Toyota Prius ya kizazi cha pili: mambo ya AC na taarifa za mfumo wa umeme viko ndani ya skrini ileile. Fundi akishika bisibisi, uombe Mungu.

Kinachonitisha zaidi ni kesho. Tangu 2014 tulikuwa tunaelekea pazuri, Android Auto ya Google na CarPlay ya Apple zikafanya skrini ya gari iwe kioo tu cha simu yako. Mwaka 2023 General Motors wa Marekani wakatangaza kuziondoa kwenye magari yao mapya ya umeme na kurudi kwenye mfumo uliojengwa ndani ya gari. Magari yale hayatufikii sana, usukani uko kushoto. Ila tabia hiyo ikihamia Japani, sisi ndio tutakaoyanunua baada ya miaka 10, skrini kubwa kama ya sebuleni, akaunti ya mtu wa Osaka, na huduma iliyokwishazimwa.

Wenye yadi najua mmo humu, mnasoma kimyakimya. Kwenye tangazo andikeni ukweli: "skrini ya Kijapani, ramani ya Japani, namba ya siri haijulikani." Na mnunuzi akija, chomoeni waya wa betri mbele yake, rudisheni, washeni. Ikijifunga, ama muifungue kwa gharama zenu ama bei ya skrini itoke kwenye bei ya gari. Nani ataanza?