Ukoo wa Kikwajuni: Usiku wa Tivii ya Zamani

IJUMAA

Shuwena, 08:12
Asalaam aleikum ukoo. Jana nimeandika hapa nikaona tiki za bluu tu, hata "sawa" hamna. Narudia. Idd Pili, nyumbani kwa Bibi, tunafanya Usiku wa Tivii kama ule wa miaka ya 70. Kila nyumba ilete kipande chake: taarabu, mchezo wa kuigiza, ngoma, kichekesho, mtakacho. Mpiga udi anataka jibu leo kabla ya Magharibi, na nusu ya pesa mkononi.

Shuwena, 08:13
Mchango 30,000 kila nyumba. Walio Muscat wanajijua.

Juma Dar, 09:40
Waaleikum salaam. Sie wa Dar tunaleta mtu juu ya paa anageuza antena, wa chini anapiga kelele "hapo hapo! aa, imekwenda!" Dakika arobaini, picha haiji 😂

Ami Othman, 09:52
Unacheka lakini ndivyo ilivyokuwa. Bara kituo chao cha kwanza ni 1994. Kabla ya hapo mwenye uwezo Dar akiinua antena ndefu adowee ya kwetu, aone taarabu nusu na chenga nusu.

Ami Othman, 09:55
Na ya rangi, mjue. Afrika Kusini na dhahabu yao yote televisheni wameiona 1976. Nairobi walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 60 lakini nyeusi na nyeupe. Sie wa karafuu, Zanzibar, tumeanza na rangi moja kwa moja. Mzee Karume aliitaka, akauawa 1972 haijawashwa. Ikaja kuwashwa wakati wa Mzee Jumbe.

Nasra, 10:01
Ami rangi gani, Bibi kasema watu wote walikuwa kijani

Ami Othman, 10:03
Hiyo televisheni ya mtaa. Kila aliyepita alikuwa akikizungusha kitufe. Si kosa la kituo.

Shuwena, 10:04
Ahsante Ami kwa historia. Je, unaleta kipande gani?

Ami Othman, 10:20
Televisheni ya mtaa ilikuwa na kijumba chake cha mbao, milango miwili kama kabati. Mwenye ufunguo hajafika, hakuna anayekohoa. Akishafungua, watoto mbele mkekani, wanawake upande wa mwembe, wazee na viti vyao walivyotoka navyo nyumbani. Kumbikumbi wakajaa kiooni. Mtu anaimba kwa huzuni, puani ana kumbikumbi anatembea. Wala hatukucheka.

Juma Dar, 10:22
Mie ningecheka

Ami Othman, 10:22
Weye ungetiwa kofi.

Shuwena, 10:23
Ami. Kipande.

Bi Zuhura, 11:37
Ndo nashika simu. Mwanangu Othman umenikumbusha mbali. Mie nilikuwa nikingoja jioni za taarabu tu. Habari zikisha, mchezo wa kuigiza ukisha, ndipo waje. Wanaume na suti zao na tai, jasho linawashuka kwa zile taa, na fidla hawaziachi. Halafu kamera inashuka kwa mpiga ganuni, kaiweka mapajani, unaona vidole tu na vile vyuma vyake. Mpaka leo nikisikia ganuni naona vidole.

Nasra, 11:40
Kikundi gani, Ikhwani Safaa au Culture?

Bi Zuhura, 11:41
Usianze.

Ami Othman, 11:42
Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, hilo halina mjadala.

Juma Dar, 11:42
Culture oyeee

Ami Othman, 11:43
Juma baba yako alikuwa Ikhwani. Uliza.

Shuwena, 11:45
Jamani mpiga udi kanipigia. Anasema ana harusi Bububu siku hiyo hiyo wanamng'ang'ania. Nimjibu nini??

Bi Mwanakhamis, 12:58
Zuhura vidole vya mpiga ganuni unavikumbuka. Waliokwenda kutunza huwakumbuki? Kamera haikushuka kwao?

Juma Dar, 12:59
🍿

Bi Zuhura, 13:06
Wifi. Nilijua tu.

Bi Mwanakhamis, 13:09
Mie sijasema kitu. Nimeuliza kamera.

Bi Zuhura, 13:10
Marehemu Salum mwenyewe alilimaliza jambo hili, kwa mkono wake, mbele ya watu. Tusirudi kwenye mambo ya Forodhani.

Bi Mwanakhamis, 13:14
Salum alimaliza lake. Beti lile lilipoimbwa mtu kainuka na noti, kaipeperusha, kanitazama mie kwanza ndo akenda kutunza. Na haikuishia ukumbini. Wiki ya pili imeonyeshwa kwenye televisheni, mtaa mzima umekaa mkekani, mie nimo katikati yao. Tena kwa rangi, kama anavyojisifu Othman.

Ami Othman, 13:15
Mie nimeingiaje hapa

Bi Zuhura, 13:17
Nilikuwa natafuta njia ya kupita baina ya viti!

Juma Dar, 13:18
Tukaombe marudio Karume House, kituoni kwa televisheni. VAR 😂😂

Nasra, 13:18
Ujumbe huu umefutwa

Shuwena, 13:20
Nawaomba radhi wazee wangu. Mpiga udi. Mpaka Magharibi. Mpaka sasa nimepata mchango wa nyumba mbili na mmoja ni wangu.

Juma Dar, 13:24
Da Shuwena kwani lazima udi? Kuna spika. Nyimbo zote zimo kwenye simu

Shuwena, 13:25
Basi na Bibi tumrushie kwenye simu alale na simu.

Fatma wa Bibi, 15:31
🎤 Sauti 1:48

Fatma wa Bibi, 15:38
Bibi kaniambia niwaandikie walio kazini, tena neno kwa neno. Haya:

"Othman nisomee yote. Kanisomea. Sasa nasema mie. Siku ile nilikuwa pale, nina mimba ya Hamad, miguu imevimba, kuinuka siwezi. Noti ile ni yangu. Zuhura nimemtuma mie. Beti nimelipenda mie, na nilikuwa nikijua linamwendea nani. Zuhura alikuwa msichana, katumwa kenda. Mwanakhamis, wa kugombana naye nilikuwa mie, na miaka yote hii unakula kwangu, unanipikia, hukuniuliza. Mie nami sikukwambia. Sasa hiyo Idd Pili yenu, aimbe Mwanakhamis. Nitainuka nimtunze mwenyewe, mbele ya watu. Kama haimbi, mpiga udi msimuite, nileteeni chai nilale."

Nasra, 15:40
😳

Ami Othman, 15:52
Bimkubwa kesha sema.

Bi Zuhura, 16:10
Bi Asha, sikuwahi kumwambia mtu. Unajua mwenyewe.

Shuwena, 16:30
Bi Mwanakhamis, shikamoo. Samahani kukusumbua. Mpiga udi nimwambie aje?

Shuwena, 17:15
Bi Mwanakhamis?

Juma Dar, 17:18
Nimetuma 30,000. Sitanii tena.

Mwalimu Suleiman, 17:40
Aleikum salaam. Ndo naona. Tunajadili harusi ya Bububu? Tulete viti?

Ami Othman, 17:41
Soma juu Mwalimu.

Mwalimu Suleiman, 17:49
Nimesoma juu. Naleta viti. Kwa mengine simo.

Shuwena, 18:05
Mpaka sasa:
Ami Othman: ??? (labda mtangazaji, ana sauti ya habari)
Juma: antena
Bi Zuhura: ???
Mwalimu: viti
Bi Mwanakhamis: tunasubiri
Udi: tunasubiri Bi Mwanakhamis

Ami Othman, 18:09
Utangazaji naukubali. Lakini nitasoma habari za kweli za siku ile. Bei ya karafuu, meli zilizofunga gati. Sitaki mtu acheke.

Bi Mwanakhamis, 18:22
Nimesikiliza sauti ya Bi Asha. Nimeisikiliza tena.

Bi Mwanakhamis, 18:26
Nina kifua tangu Jumatatu. Sauti haitoki vizuri. Nitakuja na mkeka wangu.

Shuwena, 18:27
Kwa hiyo unaimba au huimbi, mama? Kumeshaanza kuadhiniwa huku.

Bi Mwanakhamis, 18:41
Niulizieni kama mpiga udi anazijua zile za zamani au anajua hizi za sasa tu. Kama ni hizi za sasa, Zuhura na apeleke noti yake Bububu.

Bi Zuhura, 18:44
Wifi 😂 haya nitapeleka. Nikupitie hapo nyumbani na asali na tangawizi?

Bi Mwanakhamis, 18:58
Njoo kesho. Leo nimechoka.

Shuwena, 19:02
Nimemuuliza, anasema zamani ipi. Nimemwambia miaka ya 70. Kasema atamuuliza babake. Nimempa pesa yangu mwenyewe asiende Bububu, naomba mnirudishie. TAFADHALINI.

Haji Muscat, 23:47
Asalaam aleikum, ndo natoka kazini. Nimetuma ya nyumba tatu. Da Shuwena nikate tiketi ya lini, Idd Pili ni Jumapili au Jumatatu?

Ami Othman, 23:49
Inategemea mwezi.

Haji Muscat, 23:50
Wa huku au wa huko?

Shuwena, 23:51
Mpiga udi asisikie habari ya mwezi. Tafadhali.