Kipimo cha damu cha H. pylori kimerudi chanya baada ya kumaliza dozi: je, mama arudie dawa?

Muulizaji wa Morogoro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 58, alisumbuliwa kwa muda mrefu na maumivu ya chembe ya moyo, hasa usiku tumbo likiwa tupu. Katika zahanati moja ya binafsi alitobolewa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha haraka, mistari miwili ikatokea, akaambiwa kwamba ana bakteria wa tumboni aitwaye H. pylori na akaandikiwa omeprazoli ya kupunguza asidi, pamoja na antibiotiki za amoksilini na klaritromaisini, kwa siku 14. Alizimaliza zote bila kuruka hata kidonge kimoja, na maumivu yakapungua sana. Miezi miwili baadaye alirudi kuhakikisha kama amepona, akapimwa kwa kipimo kilekile, na mistari miwili ikatokea tena. Sasa ameandikiwa dozi ileile kwa mara ya pili, na mwenyewe ameanza kuamini kwamba ugonjwa wake hausikii dawa. Naomba kufahamu kama ni sahihi airudie, na kama kipimo hiki kina kasoro, kwa nini kinatumika kila kona?

Mtaalamu wa maabara

Pole kwa mama, na umfikishie shikamoo yangu. Kwa maelezo uliyotoa, mistari ile ya mara ya pili haitoshi kuwa sababu ya kununua dozi nyingine.

Kipimo cha tone la damu hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, kwa kawaida za aina ya IgG, ambazo mwili ulizitengeneza ulipokabiliana naye. Kingamwili hizo ni kama kovu: jeraha hupona, lakini alama hubaki. Bakteria anaweza kuwa amekufa wote, na bado kingamwili zikaonekana kwenye damu kwa miezi mingi, na kwa watu wengine kwa miaka. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona kabisa na mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa kumponya wanaweza kutoa mistari miwili inayofanana, na hakuna fundi wa maabara, hata awe hodari kiasi gani, atakayeweza kuwatofautisha kwa kipimo hicho.

Kinachomfaa mama ni kipimo cha choo kinachotafuta antijeni, yaani chembechembe za bakteria mwenyewe, au kipimo cha pumzi mahali kinapopatikana. Vyote viwili hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na omeprazoli iwe imesimamishwa kwa wiki mbili, kwa sababu dawa hiyo huwapunguza bakteria tumboni kiasi kwamba majibu yanaweza kuwa hasi ilhali bado wapo. Mkifika maabara msiseme tu "tunataka kipimo cha H. pylori", bali tajeni antijeni ya kwenye choo. Mkiona mhudumu anaandaa sindano ya kutoboa kidole, basi hamjaelewana.

Msomaji mwingine

Nimewahi kusikia kwamba kipimo cha damu cha IgM, ile aina nyingine ya kingamwili, ndicho kinachoonyesha maambukizi mapya. Je, hicho hakiwezi kumaliza utata huu bila kuhangaika na choo?

Mtaalamu wa maabara

Hapana, ndugu yangu. IgM husaidia katika magonjwa kadhaa yanayoanza ghafla, lakini H. pylori kwa kawaida huingia utotoni na kukaa tumboni kwa miaka, hivyo swali la upya wa maambukizi halina uzito mkubwa hapa. Isitoshe, vipimo vya IgM vya bakteria huyu si vya kutegemewa, na miongozo ya tiba haishauri vitumike.

Tabibu wa wilayani

Nakubaliana na mtaalamu kuhusu kuhakikisha uponaji, ila ningependa kukitetea kidogo kipimo hiki, maana humu jukwaani tuna tabia ya kuhukumu kwa haraka. Muulizaji ameuliza kwa nini kiko kila kona. Ni kwa sababu bei yake ni ndogo, hakihitaji mashine, na majibu hutoka mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi. Tena, katika jamii ambayo watu wengi wana bakteria huyu, mtu mwenye dalili ambaye hajawahi kutibiwa akionekana chanya, uwezekano wa kuwa naye kweli ni mkubwa, kwa kuwa ni nadra aondoke mwenyewe bila dawa. Kwa hiyo ile tiba ya kwanza ya mama siioni kuwa ya kubahatisha, ingawa kipimo cha choo kingekuwa bora hata wakati ule. Kipo pia kisa kimoja ambacho damu ina faida: mgonjwa anayetokwa na damu tumboni, au aliyekwisha kunywa omeprazoli au antibiotiki siku za karibuni, anaweza kupata majibu hasi ya uongo kwenye choo na kwenye pumzi, wakati kingamwili haziathiriwi na dawa hizo.

Nina swali kwako, Muulizaji: je, mama anatumia dawa yoyote ya maumivu?

Muulizaji wa Morogoro

Asante sana, daktari. Ndiyo, ana maumivu ya magoti na hununua diklofenaki dukani karibu kila wiki. Hakuna aliyewahi kumuuliza jambo hilo.

Tabibu wa wilayani

Basi hilo lina uzito kuliko mistari ile miwili. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuchubua tumbo na kuleta vidonda hata pasipo bakteria, na mtu mwenye vyote viwili yuko hatarini zaidi. Aisimamishe, na azungumze na daktari kuhusu njia nyingine ya kutuliza magoti. Akiona choo cheusi kama lami, akitapika damu, akipungua uzito bila sababu au akipata shida kumeza, asisubiri kipimo cha choo wala cha damu, bali aende hospitali ya rufaa achunguzwe tumbo kwa kamera.

Mfamasia

Naongeza mambo mawili. Kwanza, ikiwa antijeni itaonekana kwenye choo, dozi isiwe ileile. Bakteria aliyenusurika baada ya klaritromaisini huenda amekwisha kuwa sugu kwake, hivyo daktari huchagua mchanganyiko mwingine, kwa mfano wa bismathi, tetrasaiklini, metronidazoli na dawa ya kupunguza asidi. Pili, katika zile wiki mbili bila omeprazoli, kiungulia kikimzidi anaweza kutuliza kwa vidonge vya kutafuna vya magnesiamu, ambavyo kwa kawaida haviharibu majibu. Bismathi asiiguse kabla ya kipimo, kwa sababu nayo humdhoofisha bakteria.

Muulizaji wa Morogoro

Nimeelewa. Omeprazoli aliimaliza pamoja na dozi, kwa hiyo tutapeleka choo Jumatatu, na cheti cha dozi ya pili tutakiweka kando mpaka majibu yatoke.